Ubeti wa Sita

Kanisani kwetu Karungu, Sabato ya kumi na tatu ni siku ya watoto. Kila mwisho wa robo mwaka wanapanga mstari mbele, kila mmoja akariri ubeti wake wa wimbo mmoja. Mtoto hachagui ubeti. Anaokota karatasi iliyokunjwa kikapuni, na akishaokota ni wake, maana wazee wanasema kura ni ya Mungu. Mimi ni mwalimu wa darasa la watoto, na kikapu nakishika mimi.

Nyimbo zenyewe zimo kwenye daftari la nyanya yangu. Zilitungwa ng'ambo karne ya kumi na tisa, zikaja na wamishonari, naye akazinakili alipokuwa msichana. Ni nyimbo za watoto, lakini usidhani ni za kuchezea. Humo watoto wanaugua, wanaagana na mama zao kwa adabu, wanakufa. Siku hizi naelewa kwamba waliozitunga walizika watoto wengi kama sisi, wakatafuta namna ya kumwambia mtoto asiogope. Kuelewa hakujanifanya nizipende.

Robo iliyopita, msichana wa miaka tisa aliokota ubeti wa sita. Unasimulia habari za kitinda mimba anayelala na homa, na kabla jua halijachomoza anachukuliwa, nyumba nzima ikiambiwa isilie. Aliukariri wiki nyingi bila shida. Kisha, Jumatano kabla ya siku yenyewe, mdogo wake wa miaka mitatu akapelekwa hospitali Homa Bay na malaria. Mama yao akaenda naye, na tangu Ijumaa simu yake ikawa mteja, haipatikani.

Asubuhi ya Sabato msichana alinisubiri mlangoni, viatu vimepigwa rangi, macho mekundu, akaniomba nimbadilishie ubeti. Nilimpeleka kwa mzee wa kanisa. Si mtu mbaya. Alimwekea mkono kichwani, akamwambia, "Nyathina, mwanangu, hayo ni maneno tu. Mungu hasikizi wimbo ndio apange nani atakufa." Kisha akasema kura ni kura, akaenda zake kupanga viti.

Maneno tu! Nilikasirika. Mimi pia niliwahi kuokota ubeti huo, nikiwa na miaka kumi, mdogo wangu akiwa nyumbani na homa. Niliukariri mbele ya watu bila kukosea, wakanisifu. Jumanne tukamzika. Maneno huumba, watu husema, na kwa miaka thelathini nimeishi nikiamini kwamba kinywa changu ndicho kilichomuua. Sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu. Na bado kila robo wimbo huo ulipofika zamu nilikijaza kikapu kile kwa mkono wangu mwenyewe, karatasi ya sita ikiwemo, kwa sababu ndivyo nilivyokuta. Huo ndio ujinga wangu.

Watoto wakapanga mstari. Wa kwanza akasema, wa pili akasema. Kina mama walitikisa vichwa kwa furaha. Msichana alikuwa ameshika pindo la gauni kwa mikono yote miwili. Wa nne alisahau, nikamnong'oneza. Wa tano akamaliza mbio mbio. Zamu ya sita ikafika, na msichana hakufungua mdomo.

Mtu akakohoa. Bibi mmoja wa benchi la mbele, akidhani mtoto amesahau, akamtajia neno la kwanza. Wengine nao wakamsaidia, na nikaona midomo yake ikianza kutii.

Nikasimama. "Huo ni wangu," nikasema, nikaukariri wote kwa sauti. Sikukosea. Mtoto wa saba akadaka palepale, na mzee wa kanisa akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

Baada ya ibada msichana alinifuata nje. Nilidhani amekuja kushukuru. Alikuwa na hofu kuliko asubuhi.

"Teacher, sasa kwako nani atakufa?"

Nilimwambia hakuna. Hakuniamini, alinikumbusha kwamba nina mtoto mdogo nyumbani. Hapo moyo ulinipasuka, kwa maana nami nilishamfikiria. Nikaona sikuwa nimemtua mzigo, nilikuwa nimeuhamisha tu. Simu ya mama yake ilikuwa bado mteja, na habari yoyote ingeweza kuja jioni ile.

Nikachuchumaa tukatazamana. "Nilikuwa na mdogo wangu," nikamwambia. "Nilisema huo ubeti, na akakufa. Alikufa na malaria. Dawa ilichelewa. Si mimi nilimuua."

Alinichunguza, akauliza kama nina uhakika.

Nikasema ndiyo. Akaendelea kunitazama, akisubiri. Nikasema tena, na mara ile ya pili nilikuwa nalia.