Tapeti za Gari la Charity

Gereji ya Garsen bado ina kelele zake, ila sauti moja haipo: ya fundi aliyezungumza na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Kila injini aliisikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho ameyafumba. Gari la Charity, lililozeekea kazi ya kupeleka wagonjwa hospitali ya Ngao, alilitoa tapeti zilizochakaa, vile vyuma vidogo vinavyosukuma valvu, akatia mpya alizokuwa amezilaza ndani ya sufuria ya oil, akawasha. "Limenyamaza kama mtoto aliyeshiba!"

"Mtoto gani, fundi? Hii ni ngoma ya arusi," Charity akamjibu. Tulicheka, kwa sababu sote tulisikia injini ikigonga, isipokuwa fundi mwenyewe. Alihamishia mpini wa bisibisi kwenye sikio la pili, kisha akauuma kwa meno, mtikisiko umfikie kupitia mfupa. Hapo uso wake ukabadilika. "Kweli," akasema, polepole. Alifungua injini upya, akairekebisha, akaiwasha, akaniuliza mimi, niliyekuja kuziba pancha tu, kama sasa imenyamaza. Nikaitikia kwa kichwa.

Siku hizi yuko Kau, analima mpunga.