Achari ya Mama kwa Wachile

Nakiri: niliingia katika mkahawa wa watu na kichupa cha achari ya mbirimbi ndani ya soksi. Juzi nilipopita mtaa wa Ganjoni, ulipo mkahawa huo, harufu ya mahindi ya kuokwa ilinirudishia mchana ule wote.

Mama alikuwa amenionya tangu mlangoni, "Leo usiniaibishe." Mwenye mkahawa, bibi mmoja kutoka Chile, alituletea bakuli la udongo lenye nyama ya kusaga, yai na zeituni, juu yake mahindi mabichi yaliyopondwa yakaokwa mpaka yakapiga wekundu. Nilionja. Kitamu, sikatai, lakini kwetu Mji wa Kale chakula hakiliwi bila achari. Mama alipoinamia mkoba wake, nikamimina nusu kichupa.

Yule bibi alikuja, akanusa, akachota kijiko kizima akatia mdomoni. Machozi yakamtoka. Nikajua nishaua mtu, na darasa la pili sijamaliza. Siku hizi najua ilikuwa pilipili tu.

"Nani ametengeneza?" akauliza, huku anachota tena.

Nikamsaliti mama papo hapo, kwa kidole. Uso ulimwiva kwa haya.

"Ni mimi, bibi. Utuwie radhi," mama akasema.

"Radhi ya nini? Nataka ya meza zote!"

Wa meza ya jirani nao wakaomba kuonja. Kichupa kilirudi kwangu kitupu, nikatoka kifua mbele kama niliyebeba kombe.

Barabarani mama alinishika sikio, kisha akacheka.

"Huna adabu hata chembe. Siku nyingine beba chupa kubwa."