Tulipozima Kiyoyozi

Kundi langu la kwanza la muziki wa soul lilikuwa na waimbaji wanne na Ijumaa moja kwa mwezi. Nasema langu kwa kujipa ukubwa tu. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja hapa Doha, mwenye maikrofoni mbili na chumba cha kupanga mtaa wa Fereej Bin Mahmoud ambacho nilikiita studio bila haya. Walinzi wawili waliimba sauti za kati. Besi, mwenye sauti ya chini kabisa, alikuwa dereva, Mwislamu wa Mombasa. Aliyeongoza alikuwa dada wa Kakamega aliyelea watoto wa watu kule Al Wakrah. Ijumaa hiyo moja ilikuwa ruhusa yake, nasi wengine tulijipanga kumfuata.

Mwezi huo alikuja na jambo moja tu. Mama yake, aliyemfundisha kuimba, alikuwa mahututi nyumbani, haoni tena, na mwajiri alikuwa amemnyima likizo. Alikuwa ametunga wimbo wa kumwimbia. Alitaka urekodiwe vizuri, na sauti zote nne, mama ausikie kabla hajaondoka duniani.

Kiyoyozi changu kilinguruma mpaka ndani ya maikrofoni, kwa hiyo kila tukirekodi nilikizima. Dirisha nililiziba kwa godoro. Huo ulikuwa mwezi wa Agosti. Dakika mbili hazikuisha kabla mashati hayajagandana na migongo.

Mara ya kwanza waliimba kama watu waliokuwa wakisubiri mwaka mzima. Katika ubeti wa pili sauti ya dada ilikatika kwenye neno mama, naye hakuificha. Besi akashuka chini yake taratibu akambeba. Nilisisimka mwili mzima. Kisha, ukiwa umebaki ubeti mmoja, adhana ya alasiri ikaanza. Tangu siku ya kwanza tulikuwa tumekubaliana kwamba adhana ikisikika tunanyamaza wote, kwa heshima ya mwenzetu. Tukanyamaza.

"Prodyusa, hiyo imetoka poa," dada akasema akijifuta uso. "Si tuimbe tu hiyo ubeti imebaki, utaunganisha."

"Hapana. Tunaanza upya. Nataka kitu safi."

"Mchagua jembe si mkulima, bro," besi akanitania, na walinzi wakacheka.

Nikaifuta hapohapo. Ndiyo iliyokuwa tabia yangu: rekodi ikikatika naifuta, nisije nikashawishika kuibakiza. Nilijiona mtaalamu. Leo ningeunganisha ubeti ule kwa dakika tano huku nakunywa chai.

Tulirudia mara kumi na nne. Kufikia ya tano dada alikuwa akiimba sawasawa, kila noti mahali pake, kama mtu anayesoma tangazo. Mlinzi mmoja aliketi sakafuni kwa kizunguzungu. Mimi niliendelea kusema tena, tena, hadi dereva akasema lazima amrudishe dada kabla ya saa aliyopewa. Nikachukua ile ya mwisho, nikaipiga msasa siku mbili, nikamtumia. Niliipenda sana, Mungu anisamehe.

Alinipigia Jumatatu.

"Mama amesikia?" nikauliza.

"Amesikia. Wamemchezea mara mbili."

"Akasemaje?"

"Ameuliza huyo anaimba ni nani."

Kwa mbali nilisikia mtoto wa mwajiri wake akilia.

"Ile ya kwanza unayo?" akauliza. "Ile ya kabla ya adhana. Hata kama haijaisha. Hiyo ataijua."

Ningemwambia ukweli wakati ule, angeingia chooni na simu yake akamwimbia mama mwenyewe. Lakini niliona aibu.

"Ninayo," nikasema. "Ngoja niitafute."

Akangoja. Ijumaa alinitumia ujumbe kwamba nisihangaike tena kutafuta, mama amezikwa jana.