Albamu Isiyosalimia

Kwa miezi minane, Mokeira alitengeneza midundo ya albamu nyumbani kwa nyanya yake, Kiogoro, huku Omosa akirapu. Walikubaliana kila wimbo ufunguliwe na sauti ya nyanya akisema, "Bwakire," salamu ya asubuhi ya Kikisii. Siku ya uzinduzi sokoni Nyakoe, wimbo wa kwanza ukaanza bila salamu. Wa pili vilevile.

"Nilimkata," Omosa akasema bila haya. "Anasikika kishamba."

Kishamba! Na uji wa nyanya alioubugia Omosa miezi minane, ulikuwa wa mjini? Mokeira akamgeukia.

Kabla hajafungua mdomo, nyanya, aliyeketi mbele kabisa, akapaza sauti: "Omosa, siku hizi unaingia kwa watu bila kusalimia?"