Fundi Bandeji na Mkono wa Mkwewe

Saa mbili asubuhi, Jumatatu. Ndani ya chumba cha ushonaji chenye upana wa hatua nne, alichohamia wiki iliyopita, mwanamke wa miaka hamsini na minane anapitisha pindo la bukta ya bondia chini ya sindano ya cherehani. Kinywani ana pini tatu. Kwa hiyo anasikiliza tu.

Nje, kwenye benchi lililoegemea dirisha lake, mashabiki wa ngumi wanabishana tangu kabla hajafungua mlango.

"Mkono ulikuwa umeumia," anasema kinyozi wa duka la jirani, ambaye ndani kwake kuna mteja aliyenyolewa nusu kichwa. "Mtu kaumia mkono wa kulia, ulitaka apigane na nini, na masikio?"

"Angebaki nyumbani," anajibu mwalimu mstaafu wa hesabu. "Ukipanda ulingoni umeshasema u mzima. Mwenzake jicho lilifumba tangu raundi ya pili. Mbona yeye hakulialia?"

Wanamzungumzia Tingatinga, bondia wa mtaa huu, aliyeshindwa kwa pointi Jumamosi mchana. Alipoulizwa kulikoni, alijibu kwa maneno manne: "Mkono wa kulia uliniuma."

Maneno hayo manne yamemnyima raha mshonaji. Mikono ya Tingatinga huifunga yeye. Isitoshe, Tingatinga ni mkwewe, mume wa binti yake wa pili.

Mtaani humwita Fundi Bandeji. Siku za kawaida hushona bukta na majoho ya mabondia. Siku za mapambano huingia chumba cha maandalizi na mkasi, plasta na bandeji, akawafunga mikono kabla ya kuvaa glovu. Siku moja ya aina hiyo humlipa kama wiki mbili za cherehani.

Alianza miaka kumi na tisa iliyopita, kocha mmoja alipomwona akivalisha mto wa kochi bila kuacha mkunjo.

"Akaniambia, mama, mkono nao ni mto, ila una mifupa," anakumbuka. "Nikamwambia, ulete."

Kila mkono hupewa mita nne na nusu. Akimaliza, bondia hukunja ngumi, naye huigonga kwa kidole kama abishaye hodi. Asipopenda mlio, hufungua yote na kuanza upya. Wapo wanaoapa kwamba kuna bondia aliyefungwa barabara kiasi kwamba hadi Jumatano alikuwa akisalimiana na watu kwa kiwiko.

Lakini sasa mabondia wawili wa mashindano yajayo, wateja wake wa miaka yote, wamemwambia "tutakujulisha".

"Mkono ukiumia ndani ya bandeji yangu, aliyeshindwa ni mimi," anasema, akitema pini moja baada ya nyingine. "Hao wawili wakiondoka, wa tatu hatauliza sababu."

Saa tatu kasoro, Tingatinga mwenyewe anabisha hodi. Mabega yake yanaujaza mlango, lakini anaingia akiwa ameinamisha kichwa, kama mkwe anavyopaswa, na hakai mpaka aambiwe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Lete mkono."

Anaubonyeza kifundo kwa kifundo. Kinyozi na mwalimu wameshachomoza vichwa dirishani.

"Hapa panauma?"

"Kidogo, Mama."

"Na hapa?"

"Kidogo."

Anashika mwingine. "Na hapa?"

"Hapo ndipo hasa, Mama."

"Huo wa kushoto, baba."

Benchi zima linaangua kicheko. Tingatinga anatazama sakafu, kisha polepole anavua kiatu cha kulia. Kidole gumba kimevimba na kuwa na rangi ya bilinganya.

Ukweli unatoka. Siku ya kuhama, Alhamisi, alibeba peke yake cherehani ya miguu ya chuma, fundi akiwa ametangulia na vitambaa. Ikamteleza, ikatua kidoleni.

"Ningesemaje mbele za watu, Mama, kwamba nimeangushwa na cherehani ya mama mkwe?" anauliza. "Nikaona nisingizie mkono. Mkono hauna mwenyewe."

"Mkono wako una mwenyewe," anajibu fundi. "Ni mimi."

Dirishani, mjadala unafufuka.

"Si nilisema kaumia?" anajisifu kinyozi.

"Ulisema mkono. Kwenye mtihani hiyo ni sifuri."

"Ngumi inaanzia mguuni, Mwalimu. Bila kidole gumba utasukuma na nini?"

"Na mwenye jicho moja alikuwa anapiga kwa kunusa?"

Tingatinga anawakata kauli. "Jicho lake lilifumba, na kidevu changu bado alikipata kila alipokitaka. Alinishinda. Kidole kiliuma, ila alinishinda."



Fundi hampi Tingatinga hata nafasi ya kufunga kamba za kiatu. "Nenda kawaambie wale wenzako wawili hayohayo. Uchechemee mpaka kwao."

Kabla ya saa sita, mmoja wa wale mabondia wawili anaingia, anakaa kwenye kigoda na kunyoosha mikono. Pambano lake ni wiki mbili zijazo. Leo anataka tu kupimwa bandeji. Wa pili amepiga simu akiomba asisahauliwe.

Pambano la marudiano la Tingatinga ni baada ya miezi mitatu. Fundi Bandeji ameshaweka sharti jipya: kabla ya kufungwa, kila bondia ataje mbele ya kocha chochote kinachomuuma, kuanzia utosini hadi unyayoni, hata kama kaumizwa na mkwewe.

"Nataka apande akiwa mzima," anasema, akiweka bukta nyingine chini ya sindano. "Akishindwa, sitaki lawama. Akishinda, sitaki sifa."

Anashona kidogo, kisha anainua mguu kutoka kwenye kanyagio.

"Sifa kidogo nitapokea."