Kenga Alikufa Akimngoja Mwanawe

Mjomba wangu Elkana Tsofa hakuwahi kuwa mchungaji, ingawa Changamwe nzima walimwita Padre, na kila alipoitwa hivyo alikasirika. "Mimi si padre," alikuwa akisema. "Nilifukuzwa mimi." Watu walicheka wakidhani anafanya mzaha. Mama yangu Kafedha, dada yake wa tumbo moja, hakucheka. Yeye ndiye aliyenieleza mambo yalivyokuwa, na kila alipoyaeleza alianza upya kukasirika, kana kwamba yalitokea jana.

Kwao ni upande wa Ribe. Baba yao, Kenga, alikuwa mgema, mtu mrefu mwenye maneno machache, na hakuwa Mkristo. Waalimu wa dini walikuja kwake mara nyingi. Aliwaangulia madafu, akawasikiliza mpaka mwisho, akawasindikiza hadi njiani, na kesho yake akapanda minazi yake kama kawaida. Elkana alipochaguliwa kwenda kusomea uchungaji katika chuo cha misheni huko Kisauni, mbele kidogo ya Kongowea, mzee hakumzuia. Alimwambia neno moja tu, watu wote wakisikia: "Nikiyataka maji hayo ya ubatizo siku moja, nitatiwa na mwanangu. Sitamwinamia mtoto wa mtu mwingine."

Elkana alilichukua neno lile akaenda nalo chuoni. Alikuwa mtu wa hasira tangu utotoni, mama anasema, lakini chuoni aliipata kazi ya kuipa hasira yake: alisoma. Alisoma historia ya kanisa, akajifunza kuendesha ibada, akajifunza kuhubiri mbele ya wenzake huku Mkuu wa chuo, Mzungu mmoja mkavu, amekaa nyuma akisahihisha Kiswahili chake. Hilo lilimkera sana. Yeye, mtu wa Pwani, aambiwe na mgeni wa ng'ambo kwamba neno alilonyonya kwa mamake si Kiswahili safi! Alimeza. Alikuwa amepania kumaliza.

Mwalimu aliyempenda ni Gershom, mzee wa makamo kutoka Rabai, Mwafrika wa kwanza kufundisha pale. Gershom ndiye aliyewafundisha somo la ubatizo. Aliwaambia kwamba mtu akiwa karibu kukata roho, na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote aweza kumbatiza, hata mwanamke, hata kwa maji ya kisima. Elkana aliuliza, "Na mwanafunzi je?" Gershom akacheka, akasema, "Mwanafunzi ni Mkristo, sivyo? Ingawa nikitazama alama zenu nina mashaka." Darasa zima likacheka.

Hayo yalikuwa mwaka wa 1944, wakati wa vita, watu wakila mahindi ya mgao yenye mchanga. Mzee Kenga alinyeshewa na mvua juu ya mnazi, kifua kikambana, akalala asiinuke. Siku alipotema damu alimwita Kafedha. Akamwambia, "Nenda kamwite Elkana. Aje na maji yake."

Mama alishuka mbio. Alipita Mwakirunge, akakata mashamba ya Utange, akafika Kisauni jua la utosi, miguu imevimba, leso imelowa jasho. Langoni alimkuta askari mmoja, Mzee Mbwana, mwenyeji wa pale pale Kisauni. Alimweleza shida yake, na Mbwana akaingia ndani upesi kumtafuta mtu. Aliyetoka ni Gershom.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni nani wake Tsofa?"

"Nduguye. Baba yu taabani, Mwalimu. Anamtaka kaka aende akambatize."

Gershom alitazama nyuma, kuelekea ofisi ya Mkuu. "Baba yenu si Mkristo," alisema.

"Ndiyo maana anamwita."

"Binti, wanafunzi wamo kwenye mitihani. Mkuu ameagiza asisumbuliwe mtu. Nenda nyumbani. Mimi nitamfikishia habari."

"Sasa hivi?"

"Nitamfikishia."

Mama hakuondoka. Alikaa chini nje ya lango, kwenye jua, akiamini kwamba kaka yake atatokea wakati wowote, amevaa kanzu yake, na wataondoka pamoja. Alisikia wanafunzi wakiimba kanisani. Katika sauti zile aliitambua ya Elkana, nene, inayochelewa kidogo kuliko za wenzake. Basi hajaambiwa! Akainuka, akaanza kuita kwa nguvu zake zote, "Kaka! Kaka Elkana!" Wimbo ulikuwa mkubwa. Aliyesikia ni Gershom. Alirudi langoni, safari hii hata hakumtazama mama usoni, akamwambia Mbwana amwondoe mtu huyu, analeta fujo.

Mbwana alimshika mkono taratibu, akampeleka kwa mkewe, akapewa maji na muhogo wa kuchemsha. "Wallahi, binti," Mbwana alimwambia, "mimi ni Mwislamu, mambo ya kanisa lenu siyajui. Lakini mtu anayeitwa na babake hazuiliwi kwa mtihani." Mama alilala pale, na kulipopambazuka akashika njia ya kurudi peke yake, akijipa moyo kwamba labda Elkana atamfuata nyuma.

Alipoingia nyumbani mzee aliuliza, "Yuwapi?"

"Yuaja, baba," mama akamwambia.

Kenga akaomba ageuzwe, auelekee mlango. Akalala hivyo, macho yako mlangoni, mpaka alipokufa siku ya pili yake. Akazikwa kwa desturi za wazee, maana hapakuwa na mtu wa kumzika kwa desturi nyingine.

Mitihani ilipokwisha, Gershom alimbakiza Elkana darasani. Akamwambia kwamba baba yake amefariki, na kwamba amekwisha kuzikwa, na kwamba ana ruhusa ya kwenda kuwaona jamaa. Alimpa pole.

"Nani kaileta habari?" mjomba akauliza.

"Watu wa kwenu."

"Waliileta lini?"

Gershom alichukua kitambaa, akaanza kufuta ubao. Ubao ulikuwa hauna kitu.

Mjomba alifunga mzigo wake. Pale langoni Mbwana alimpa pole, kisha akamwuliza, "Na dada yako alifika salama?"

"Dada yangu yupi?"

Hivyo ndivyo alivyoyajua. Mbwana alimweleza yote, jua, na kuita, na kuondolewa. Mjomba alishika nguzo ya lango. Mbwana alidhani anaanguka, akamkimbilia, kumbe alikuwa akiitikisa aing'oe.

Nyumbani, Kafedha hakumwamkia. Alikuwa akisuka makuti, akaendelea kusuka.

"Mitihani umemaliza?" alimwuliza.

"Kafedha, sikuambiwa."

"Ulikuwa ukiimba. Nilikusikia."

"Sikuambiwa! Leo ndiyo kwanza nimejua ulikuja."

Mama aliacha kusuka. Anasema alimtazama muda, akaona kwamba ni kweli, na kuona kwamba ni kweli kulimchoma zaidi, kwa sababu zile siku zote alikuwa na mtu wa kumchukia, na sasa alinyang'anywa. "Mimi nilimwambia baba kwamba unakuja," alisema. "Alikufa akiniamini. Nenda kawaulize hao walimu wako nimrudishie nini."

Mjomba hakungoja matanga yaishe. Alirudi Kisauni akaingia moja kwa moja katika ofisi ya Mkuu, bila kubisha hodi. Gershom alikuwemo, amesimama kando ya kabati.

Mkuu hakukana kitu. Kiswahili chake kilikuwa sahihi, kila neno mahali pake. "Tulijua kwamba baba yako atakufa na kwamba kutakuwa na ngoma na pombe," alisema. "Mwanafunzi wetu akionekana katika mambo hayo, kazi ya miaka yote inaharibika. Tuliufikiria wokovu wako, Tsofa."

"Na wokovu wa baba yangu?"

"Baba yako alikuwa na miaka mingi ya kuutafuta."

Mjomba aliipiga meza kwa ngumi mbili. Kidau cha wino kiliruka, wino ukamwagika kwenye karatasi za Mkuu na kwenye suruali yake nyeupe.

"Alikuwa ameutafuta! Aliutafuta akatuma mtoto wake aulete, nanyi mkamkalisha mtoto juani kama mbwa! Mmenifundisha ninyi wenyewe kwamba mtu anayekufa hubatizwa na Mkristo yeyote. Mwalimu Gershom, si wewe uliyetufundisha? Au lile lilikuwa la kujibia mtihani tu?"

Gershom aliinama kuziokota karatasi zilizolowa wino.

Hukumu ilitolewa siku ile ile. Elkana Tsofa alikuwa ameidharau mamlaka. Jumapili atapiga magoti mbele ya chuo kizima na kuomba radhi, akikataa, atoke.

Jumapili kanisa lilijaa, wanafunzi, wake zao, waalimu, na watu wa mashamba ya jirani. Elkana alipoitwa, alikwenda mbele. Watu walingoja magoti. Hayakuja.

"Nilimwaga wino wa Mkuu," alisema. "Kwa wino, naomba radhi."

Mkuu aliinuka nusu. Mjomba akaendelea, sauti imepanda. "Kwa jambo lingine siombi. Baba yangu mzazi aliomba ubatizo. Katika kanisa hili, wako watu waliojua kwamba ameomba. Walijua, wakaja hapa wakaimba pamoja nami, wakaniacha niimbe. Sasa mnataka nijifunze kwao kuchunga watu? Kuchunga gani?"

Mtu mmoja nyuma, mwanamke, alisema "Mungu wangu!" kwa sauti. Gershom alikuwa ameinamia kitabu chake cha nyimbo. Mjomba alitoka kwa mlango wa mbele, na Mbwana akamfungulia lango bila kungoja amri ya mtu.

Alikwenda Changamwe, akapata kazi ya kupakua mafuta kwenye maghala. Akaishi katika vyumba vya wafanyakazi, watu wa Pwani na wa bara wamebanana pamoja. Watu wale walikufa sana, kwa homa, kwa kifua, kwa kuangukiwa na mizigo. Wachungaji walichelewa kufika au hawakufika. Elkana alifika. Aliyetaka kubatizwa alimbatiza, kwa maji yaliyokuwepo, kwenye kata ya kifuu au kwenye kikombe cha bati. Wakubwa wa kanisa walituma mtu kumkanya. Alimwambia, "Hili nilifundishwa chuoni. Nendeni mkawaulize," akafunga mlango. Baadaye walimwahidi kumrudisha masomoni iwapo ataomba radhi kama alivyoagizwa. Yeye akaendelea kubatiza.

Mwaka wa 1949 Gershom mwenyewe alikuja Changamwe. Alikuwa amezeeka ghafla. Mjomba alimpa kiti na chai, kwa kuwa ni mtu mzima, lakini yeye mwenyewe alibaki amesimama.

"Nilikuwa mwalimu mweusi peke yangu pale," Gershom alisema. "Niliogopa kuiharibu nafasi. Nilijiambia ni kwa ajili ya watakaonifuata."

"Mimi nilikuwa nakufuata," mjomba akasema.

Mzee alianza kulia. Mjomba hakumnyamazisha. "Hukuniondoa mimi langoni," alimwambia. "Nenda Ribe ukamwambie Kafedha."

Gershom alikwenda. Mama alikuwa nje, akipepeta mahindi, na mimi mgongoni. Mzee alifika akaeleza kisa chake, akashindwa kukimaliza, akaanguka magoti uani akilia kwa sauti. Majirani walitoka. Mama ilibidi aache ungo, alete kigoda, alete maji, amshike bega, amwambie "basi, Mwalimu, basi," huku wanawake wakimwuliza amemfanyia nini mzee wa watu mpaka analia hivyo.

Wiki ile ile mama alinibeba, akashuka hadi Mazeras, akapanda gari la moshi, akateremka Changamwe. Alimkuta mjomba akifua nguo zake.

"Umeniletea yule wa nini?" alimwambia. "Nani alikwambia namtaka? Ulishindwa kumsamehe, ukashindwa kumpiga, ukanitumia mimi nimbembeleze! Nimemfuta machozi mtu aliyeniita fujo, wewe uko huku mikono yako safi."

Mjomba alisimama na shati likimdondoka maji. Alikuwa mtu wa kujibu, hata wakubwa aliwajibu. Siku hiyo alimwomba tu aingie ndani, ale kidogo. Mama akasema hakuja kula, akageuka kurudi stesheni. Mjomba alimfuata, mikono ina povu la sabuni, mpaka pale watu wanapongojea gari.

"Hilo nimekosa mimi," alisema.

Gari lilikuja, mama akaniweka vizuri mgongoni, akapanda.