Nyumbu, si Mbuzi

Mwalimu wa Kiingereza hakuwahi kufungua kifungo cha shingoni cha koti lake la abakosti, hata jua liwake vipi, na kila neno alilolipenda aliligongea ubao kwa kidole. "Mutu wa kichwa nguvu, Waingereza banasema iko kama nyumbu, ule mutoto wa punda na farasi!" Ko, ko. Adolphine, wa dawati la mbele, alikuwa hajaona nyumbu Bukavu nzima. "Citoyen professeur, sisi tunasema kama mbuzi." "Hapana. Nyumbu!" Ko, ko, chaki ikamdondokea kiatuni.

Jumamosi Adolphine akamkuta mwalimu kwenye mteremko wa Muhumba, akipeleka mbuzi nyumbani kwake. Mbuzi alikuwa amekaa katikati ya njia, amegoma. Mwalimu naye, kamba mkononi, alikuwa amekaa chini wakitazamana. Mvua ikaanza. "Professeur, nikusaidie kusukuma?" "Acha! Itachoka yenyewe." Adolphine akajibanza barazani kwa jirani, akichekea kiganjani. Maji yalimtiririka mwalimu kwenye miwani, hakuyapangusa. Kidole chake kiligonga tope, ko, ko, kana kwamba ni ubao. Mwishowe mmoja wao akasalimu amri, akainuka, akajikung'uta, akaanza kupanda mlima kwa adabu. Alikuwa ni mbuzi.